Maji Mekundu Chini ya Tuta

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alizaliwa Kondoa, kwenye kijiji ambako akina mama walichimbua mchanga wa mto mkavu ili wapate maji ya kupikia. Alikuja Tunduma akiwa utingo, akawa dereva, na biashara ya mpakani ilipofunguliwa akapata malori yake mwenyewe ya kuvuka kwenda Zambia. Wenzake walijenga nyumba za kupangisha. Yeye alinunua bonde huku kwetu Hasamba, chini kidogo ya shamba langu la kahawa, akasema anataka bwawa.

"La kumwagilia?" nilimuuliza.

"La kutazama, shemeji."

Nilidhani ananitania. Lakini kiangazi hicho hicho alikodi katapila, likachota udongo mwekundu mlimani na kuusukumia bondeni hadi tuta likaziba kijito. Mvua za kwanza zilipopita, bwawa lilikuwa limejaa. Jumapili na siku za Idd zilikuja familia kutoka Tunduma, watoto wakaelea juu ya mipira ya ndani ya matairi ya malori, wakubwa wakachoma nyama. Yeye mwenyewe hakuwahi kuogelea. Alitandika mkeka juu ya tuta baada ya swala ya alasiri, akatazama maji mpaka chai yake ikapoa.

Kulitunza ikawa kazi yangu, kwa kuwa nilikuwa jirani. Nilifyeka majani juu ya tuta, nikafukuza mbuzi, nikaondoa matawi kwenye mfereji wa pembeni ule unaopitisha maji yakizidi.

Mwaka wa tatu, mwezi wa kumi, nyasi zote zilikuwa zimekauka isipokuwa sehemu moja upande wa nje wa tuta, chini kabisa. Palikuwa pa kijani, padogo, kama kitenge kilichoanikwa. Mwanzoni nilifurahi, maana ndama wangu alipata majani. Kisha nikaanza kujiuliza: maji haya yamepita wapi? Nilichimba kishimo kwa jembe, nikakaa nikisubiri. Kabla sijamaliza kumenya muwa, kishimo kilikuwa kimejaa.

Nilimwambia shemeji alipokuja. Akachuchumaa, akaonja maji yale kwa kidole.

"Ni safi," alisema. "Bwawa gani lisilotoa jasho?"

Jibu lake lilikuwa zuri, ila halikunitosha. Kila asubuhi nilianza kuchota maji ya kishimo kwenye glasi ya chai na kuiweka dirishani. Kwenye kahawa tumezoea kuyachunguza maji. Ukioshea buni maji machafu, utaijua tu ikikauka. Kwa wiki kadhaa glasi ilibaki nyeupe. Mume wangu aliniuliza kama ninafuga viluwiluwi.

Nikamfikiria fuko, yule mnyama anayechimba njia ardhini, kwamba huenda ametoboa tuta. Nilimwita mama mmoja mzee wa kitongoji cha jirani, aliyekuwa akitega fuko kwenye mashamba ya watu. Alitembea juu ya tuta taratibu, akibonyeza udongo kwa kisigino.

"Fuko yupo," alisema, akinionyesha vifusi viwili karibu na ukingo wa juu. "Huyu nitamtoa. Lakini anakaa pakavu, mwanangu. Hawezi kujichimbia kwenye tope ajizamishe. Maji yako hayatoki kwake."

"Yanatoka wapi basi, mama?"

"Waulize walioweka udongo. Mimi namjua aliyeutoboa tu."

Fuko alikamatwa siku ya pili. Tulishindilia tundu lake kwa udongo wa kichuguu, na ile sehemu ya kijani ikaendelea kuwa ya kijani.

Mvua zilianza, bwawa likapanda. Asubuhi moja niliinua glasi ya jana dirishani nikaona chini yake utando mwembamba, kama unga uliobaki kwenye chungio. Nikaugusa kwa kidole. Ulikuwa mwekundu.

Nilisimama pale na kidole changu muda mrefu. Udongo wa bondeni kwetu ni mweusi tii. Ukichimba kokote huko chini unapata mweusi. Mwekundu ulikuwa mmoja tu, ule uliotoka mlimani kwa katapila. Kwa hiyo maji hayakuwa yanapita chini ya tuta. Yalikuwa yanapita ndani yake, na kila siku yalikuwa yanatoka na kipande chake. Niliogopa, sikatai. Lakini kabla ya woga nilisikia kitu kama furaha, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimejua.

Nilijaza maji kwenye chupa, nikaifunga kwa khanga, nikapanda gari la Tunduma. Shemeji alikuwa kwenye yadi yake, kati ya malori yaliyosubiri kuvuka mpaka, akibishana na dereva kuhusu turubai. Niliiweka chupa mezani bila kuitikisa.

"Shemeji, karibu. Umeniletea dawa?"

"Nimekuletea bwawa lako."

Nilimweleza kuhusu udongo mwekundu na mweusi. Alisikiliza huku akiichungulia chupa. Mwishoni akasema, "Idd iko wiki ijayo. Nimealika watu. Wengine wanatoka ng'ambo ya mpaka."

"Najua."

"Haliwezi kusubiri mpaka Idd ipite?"

"Mimi sijui linaweza kusubiri mpaka lini. Wewe unajua?"

Aliisogeza chupa karibu yake. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Bado wale watu wa chini wanalima kule bondeni?"

"Wanalima, na wanakaa. Nyumba tatu."

Aliizungusha chupa mara moja, utando ukainuka na kuyachafua maji yote. Akamwambia dereva waachane na turubai, aende akamtafute yule jamaa aliyeendesha lile katapila.

Kesho yake shemeji alifika pamoja naye, na mabomba manne meusi ya plastiki juu ya lori. Mwendesha katapila alikuwa mtu mpole, aliyewahi kuchimba malambo ya ng'ombe huko Shinyanga. Tulikuwa tumeshawaambia wale wa chini wahamie mlimani kwa ndugu zao. Mwendesha katapila akasimama juu ya tuta, akalitazama eneo la kijani, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Bosi, pale kulikuwa na kisiki," alisema. "Cha mkuyu. Nilikisukumia udongo juu. Siku ile katapila lilikuwa linatakiwa barabarani."

Shemeji hakumfokea. Aliuliza tu, "Kisiki kina ubaya gani?"

"Kinaoza. Mizizi ikioza inaacha njia."

Tulijaza mabomba maji, tukaziba miisho kwa viganja, tukayalaza kwenye mfereji wa pembeni, mwisho mmoja bwawani na mwingine chini, tukaachia kwa pamoja. Maji yakaanza kujivuta yenyewe. Nilitaka tuongeze mabomba, yaishe haraka. Mwendesha katapila akakataa: tuta lililolowa, ukiliondolea maji ghafla, linateleza upande wa ndani. Ikatuchukua siku tisa. Idd ilitukuta katikati. Wageni walikuja, wakala pilau, wakakaa wakitazama matope yakipanuka na kambale wakigaagaa. Mtoto mmoja aliniambia ni Idd nzuri kuliko ile nyingine.

Tulipochimba, tulikuta tundu ambalo kuta zake zilikuwa laini kama koo la mtungi. Shemeji alilala kifudifudi kwenye tope na kanzu yake ya kazini, akaingiza mkono mpaka begani.

"Sifiki mwisho," alisema. Alibaki vile kidogo, shavu likiwa kwenye udongo. "Watoto walikuwa wanarukia majini kutoka wapi, shemeji?"

"Hapo hapo juu yako."

Aliinuka, akaenda kunawa.

Kiangazi kilichofuata tulikata tuta pale, tukang'oa kila kipande cha mzizi, tukarudisha mfinyanzi tabaka kwa tabaka. Kwa kushindilia tuliazima ng'ombe wa majirani, wale wale wa chini, wakapitishwa juu yake kwenda na kurudi mpaka udongo ukakataa kwato. Mfereji wa pembeni tuliupanua, kwa hiyo maji sasa yanasimama chini zaidi ya zamani. Wageni wengine waliacha kuja, wakisema bwawa limekuwa la watoto. Shemeji hajali. Mkeka wake anautandika upande wa mlima siku hizi.

Habari zilisambaa. Baadaye kidogo mzee mmoja wa Mbebe, kule Ileje, aliagiza niende kumwangalizia bwawa lake la samaki. Nilimkumbusha aliyeagizwa kwamba mimi ni mkulima wa kahawa. Hata hivyo nilikwenda. Alikuwa amepanda migomba juu ya tuta lote, yenye afya, na alinyoosha mikono kunionyesha kwa fahari. Nilimsalimu, nikavua viatu, nikaanza kutembea upande wa chini, nikitafuta palipo na unyevu.