Uvimbe Waliouita Chira

Kabla ya kuugua nilikuwa nikinunua omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba na kuwauza Homa Bay. Mume wangu alikufa tukiwa na watoto wadogo, na mdogo wake akataka kunirithi kama ilivyo mila yetu. Nilimkatalia mbele ya ukoo mzima. Hilo ndilo lililoniponza.

Siku moja nikioga niliguza kitu kwenye titi la kushoto, kigumu kama punje ya mahindi makavu. Hakikuuma, nami nikakipuuza, maana kwetu kisichouma si ugonjwa. Baada ya miezi kikawa kama limau. Ngozi ikakunjamana, chuchu ikaingia ndani, ikatoa maji yenye damu.

Shemeji aliposikia alisema ni chira, adhabu ya mjane aliyevunja mila, na dawa yake ni mimi kukubali kurithiwa. Hata akina mama wa kanisani walinisihi nikubali nipone. Nikikumbuka nawaka hasira mpaka leo. Titi la mtu linaoza, wao wanampangia mume.

"Nyar Asumbi, kiburi kitakuua," shemeji aliniambia, akiniita binti wa Asumbi, kwetu nilikozaliwa.

"Basi kiniulie hospitali," nikamjibu.

Dada yangu alinipeleka. Daktari alitoa kipande cha nyama kikapimwa, majibu yakarudi ni saratani.

"Mama, hujavunja kitu," alisema nilipomtajia chira. "Ni nyama ya mwili wako imeota ovyo. Tukikata kabla haijafika kwenye mapafu au ini, una nafasi."

Lakini muuguzi akataka kwanza mwanamume wa ukoo akubali. Yaani shemeji. Nilimwambia titi ni langu, nitakubali mwenyewe. Daktari akasema inatosha.

Walikata titi lote na tezi za kwapani. Kisha Nairobi, nikachomwa kwa mionzi mpaka kifua kikawa cheusi. Dawa za mshipani zilinitapisha, nywele zikaisha. Mkono wa kushoto huvimba hadi leo, sibebi gunia.

Namshukuru Mungu na dada yangu. Wengine siwashukuru. Mjane mwenzangu wa Remba aliota uvimbe kama wangu, akaambiwa maneno yale yale. Yeye alikubali, akarithiwa, akanyweshwa mitishamba ya chira. Tulimzika, mume wake mpya akiwa amesimama kando ya kaburi.

Dada zangu, jishikeni matiti mkioga. Mkikuta kitu, hata kama hakiumi, nendeni hospitali kabla hamjamwambia shemeji.