Mrija wa Buswelu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ngazi, kalamu ya wino usiofutika na kiboksi cha mirija mifupi ya plastiki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikadhani kupima hewa ni kukaa ofisini mbele ya mashine. Msimamizi wa Vipimo, mzee wa Bukoba aliyenyoosha Kiswahili chake kama shati lake, akaniambia, "Panda, binti. Hewa haipimwi ukiwa umekaa."

Nawaandikia nyie mnaoanza kazi hii sasa, maana mimi hakuna aliyeniandikia.

Ndani ya mrija kulikuwa na dawa ya kunasa gesi. Tuliuning'iniza kwenye nguzo, mdomo ukitazama chini. Baada ya wiki mbili tunaushusha, tunauziba, unakwenda maabara. Tulichotafuta hasa ni ozoni, gesi isiyoonekana inayokwaruza kifua. Haitoki kwenye ekzosi. Moshi wa magari na mvuke wa petroli vinapanda asubuhi, jua linavipika, mchana vimekuwa ozoni. "Moshi ni mzazi tu," Msimamizi alizoea kusema. "Anayeuma ni mtoto, na hazaliwi hapa stendi. Anazaliwa njiani."

Njiani ndiyo Buswelu, pembeni ya mji. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana unageuka, ziwa linarudisha kila kitu, kinavuka vilima vya mawe mpaka kule. Ndiyo maana tulitumia viwango vya kanda nzima, siyo kila wilaya na vyake: mjini wanawasha, wengine wanavuta.

Nilizipenda siku zile, sitasema uongo. Nyamagana asubuhi, maduka bado yamefungwa, ngazi begani, makonda wananipigia kelele, "Dada, unaiba umeme?" Kule Nyegezi, Msimamizi ananinunulia samaki, sato wa kukaanga, tunakula tumesimama, ananifundisha kusoma upepo kwa moshi wa jiko la mama muuzaji.

Juu yetu alikuwepo Mratibu wa Mradi. Huyu hakuwahi kupanda ngazi. "Buswelu hakuna hata kiwanda cha mikate," alisema kikaoni. "Mnapima nini kule, kuku?" Akataka kituo kifutwe. Msimamizi akamwomba kiangazi kimoja tu. Wakakubaliana: mirija yote ya kiangazi ikiwa halali, Buswelu inaingia kwenye ripoti, na ikizidi kiwango, mjini watalazimika kupunguza moshi. Mrija mmoja ukiharibika, kituo kinatoka.

Nguzo yetu ilisimama uani kwa Bibi Mbuke. Siku ya kufunga mrija wa mwisho nikamwambia, "Shikamoo bibi. Naomba unitunzie hiki."

"Marahaba, mwanangu. Nenda na amani."

Wiki mbili baadaye nikakuta mrija umefungwa ndani ya kiroba cha unga, kamba imezungushwa mara tatu.

"Greda limechonga barabara, vumbi jekundu!" bibi akasema, anacheka kwa fahari. "Nikasema kitu cha mgeni hakichafuki kwangu. Nimepanda kinu, na miguu hii!"

Ungemgombezaje? Kwake kitu cha mgeni kinatunzwa kuliko cha mwenyeji, na neno "nitunzie" nilimpa mimi. Nikala michembe yake ya viazi vikavu, nikanywa chai, nikashuka mjini na mrija wangu.

"Mzee," nikamwambia Msimamizi, "tukinyamaza nani atajua?"

Akanisogezea daftari la vipimo. "Wewe. Andika ulichokikuta."

Nikaandika: Batili, ulifunikwa. Mratibu akasoma, akatabasamu. "Asante, binti. Umenirahisishia kazi." Buswelu ikatolewa. Vituo vilivyobaki vilikuwa vya mjini, ambako mtoto wa moshi hajazaliwa bado. Ripoti ikasema kanda imefaulu.

Msimamizi alistaafu kwa umri. Mimi nilistaafishwa kwa mimba. "Ngazi na tumbo haviendani," Mratibu alisema, na mkataba haukurudi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Sasa naishi Buswelu, nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi Mbuke. Alasiri kifua cha mwanangu kinapiga filimbi. Ni ozoni? Sijui. Sina mrija, na kazi ile ilinifundisha nisiseme nisichokipima. Hilo ndilo linalonichoma: ningeweza kujua. Wao wangeweza kujua.

Juzi alikuja binti na ngazi, kwenye nguzo ileile. Nikatoka na mtoto mgongoni, mkono una sabuni. Bibi Mbuke alikuwa ameshafika, ameegemea fimbo.

"Bibi, naomba unitun—" binti akaanza.

"Usimwambie hivyo!" nikafoka, mpaka binti akashika ngazi kwa mikono miwili. "Mwambie akiache. Kivute tunachovuta."

Bibi akakitazama kimrija kile, kisha akamtazama mwanangu.

"Mara hii sikifuniki," akasema. "Hata greda lilale hapa."