Pikipiki ya Sifael Imepona

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya kijiwe kizima cha bodaboda hapa Same, natangaza kwamba pikipiki ya marehemu Sifael imepona. Imepona kabisa. Iliugua miaka mingi, ikatibiwa na fundi Eliufoo, baba mzazi wa marehemu, na hatutaisikia tena ikikohoa kama zamani. Rambirambi zipelekwe gereji, nyuma ya soko, ila mwacheni fundi ale kwanza.

Niwaeleze ugonjwa wenyewe. Pikipiki ile ni kuukuu, imewazidi umri nusu ya madereva wetu. Sifael alipakia nayo abiria kati ya Same na Chome, kule juu kwenye ukungu ambako mama yake, Asteria, analima. Kila alipoachia resi, ilipiga: pa! pa-pa! Mbuzi walikata kamba. Baba yake aliona aibu. Fundi wa kabureta anayesifiwa hadi kule mji wa Bendera, halafu mwanawe anakatiza mjini akilipua baruti!

"Iache hapa niitazame," alikuwa akimwambia.

"Iache hivyo hivyo, mzee."

"Itakuunguzia injini hiyo."

"Mzee, iache bwana." Sifael anacheka, anapiga kiki, huyo anaondoka. Pa!

Kisha ikaja homa ikamchukua Sifael mwenyewe. Pikipiki ikabaki gereji chini ya turubai. Msiba ulipoisha, Asteria alimwomba mumewe jambo moja: "Baba Sifael, kabla hujaiuza, ipandishe huku nyumbani mara moja tu. Nataka niisikie ikija."

Wewe ungefanyaje? Ungeiwasha ukapanda mlima. Lakini Eliufoo ni Mpare, tena fundi, yaani mkaidi mara mbili. "Nimpelekee mke wangu kitu kibovu?" akasema. "Cha mwanangu?" Akafunua turubai.

Kijiwe kikahamia gereji kutoa ushauri usioombwa. Athumani, aliyekuwa dereva mwenzake Sifael, alisema ni plagi. Mimi nilisema imerogwa, maana ndiyo elimu niliyoipata chuoni kabla mimi na chuo hatujaachana. Eliufoo aliing'oa plagi: nyeupe kama chokaa.

"Inakula hewa kuliko petroli," akasema.

Akafungua kabureta, akapuliza jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, akaiinua juani na kuchungulia. Tundu safi. Basi hewa inaingilia wapi? Akarudisha kila kitu, akawasha, akaanza kudondosha maji ya sabuni taratibu kwenye ule mpira unaounganisha kabureta na injini. Mara mngurumo ukabadilika, ukatulia kama mtoto aliyepewa titi.

"Ndipo hapa."

Ufa mwembamba, upande wa chini, pasipoonekana. Akautoa mpira wa zamani, akautupa kwenye moto wa takataka, akafunga mpya. Akaijaribu hadi barabara kuu na kurudi. Kimya! Athumani akapiga makofi. Hapo ndipo tulipomwona Eliufoo akicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Na kweli alicheka, masikini.

Jumamosi tukapanda Chome, yeye na pikipiki ya mwanawe mbele, mimi nimepakiwa na Athumani. Ilipanda ikinong'ona, kona baada ya kona, kama bibi harusi anayepelekwa kanisani. Asteria tulimkuta mlangoni, kwenye kigoda, amevaa kitenge cha Jumapili. Jikoni moto ulikuwa unawaka bure, sufuria ya makande imewekwa kando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmekuja kwa kunyata?" Akaitazama pikipiki. "Imewazimikia njiani? Mmeisukuma?"

"Imekuja yenyewe, Mama Sifael," Eliufoo akasema, kifua mbele. "Nimeitengeneza. Haipigi tena."

Asteria akatueleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Pale kona ya mwisho Sifael alikuwa akiachia resi makusudi. Pa! pa-pa! Naye akisikia hivyo, anarudisha makande motoni, ili mtoto akifika mlangoni ayakute ya moto.

"Leo nimeyatenga kando, nasikiliza," akasema. "Nilitaka nimpashie mara moja tu."

Tuliyala ya baridi. Athumani, ambaye hata msikitini huwa hanyamazi, alikula akitazama sahani yake.

Pikipiki haijauzwa. Tangu siku ile fundi bingwa wa Same anaitafutia ugonjwa. Anachana mpira mpya kwa wembe, anapanda nayo Chome, inapiga pale konani, Asteria anasikiliza mlangoni, anatikisa kichwa: siyo. Mara ni kali mno, mara ina mafua. Anashuka, anafunga mpira mwingine, anauchana kwingine. Pikipiki za wateja zimejipanga nje zinajaa vumbi.

Juzi uvumilivu ukanishinda. Nikapanda juu ya tairi bovu, nikakohoa kama mchungaji, nikatamka: "Mzee Eliufoo! Wewe ndiwe tabibu wa kwanza duniani kumfuata mzima amrudishie maradhi yake! Huu si ufundi tena, mzee wangu. Hii ni sala!"

Hakuinua kichwa.

"Ni mpira," akasema. "Shika hapo, usitikisike."