Wimbo wa Mezani

Nikipaka sanitaiza mikononi, hata leo, pua yangu inatafuta harufu ya kitunguu kinachokaangwa.

Wakati wa korona, huku Minto, ughaibuni tulikohamia kutoka Bukavu, mama alikuwa akirudi kutoka kazini kwenye nyumba ya wazee, anapaka sanitaiza mlangoni, kisha anapika huku akiimba wimbo usio na maneno. Alifundishwa na mzee wa Kiyahudi ambaye mama alikuwa akimwogesha huko kazini. Baada ya siku chache akautilia maneno ya zaburi, nasi watoto tukaupigia makofi.

Shangazi, tuliyeishi naye, akaguna. "Wifi, huo ni muziki wa Wayahudi. Umeuiba."

"Na zaburi yenyewe, unadhani ilitungwa Bukavu? Ngoja tumuulize mwenyewe."

Ilikuwa Ijumaa jioni. Mama akampigia mzee simu ya video. Alikuwa peke yake chumbani, maana wageni walikatazwa. Tukamwimbia. Alicheka hadi akafuta machozi. Akasema baba yake aliudaka kwa wachungaji wa kondoo kule Ukraine, ambao hata hawakuwa Wayahudi.

"Sasa wimbo umekuwaje wa Kiyahudi?" shangazi akauliza, mama akitafsiri.

"Tuliuimba mezani kila Ijumaa, Sabato ikiingia," mzee akajibu, "hata Ijumaa ambazo mezani hapakuwa na mkate."

Shangazi akavuta kiti, akakaa, akauanzisha upya yeye mwenyewe.

Leo Ijumaa napika mimi. Mdogo wangu, aliyezaliwa baadaye, ameniuliza wimbo huu ni wa nani.

"Kaa mezani kwanza," nimemwambia.