Jina Lililokwenda Vitani

Zulekha alikuwa na chumba cha biashara karibu na soko la Nachingwea. Ndani mlikuwa na mashine ya kopi, taipureta iliyofunikwa kitambaa, na kompyuta aliyoinunua kutoka mradi mmoja wa wafadhili uliofunga ofisi na kuondoka. Sisi walimu tulimpelekea mitihani aichape. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisomea uhazili Dar es Salaam, akaolewa huko, akaachika, akarudi kupanga mjini, wakati mama yake, Bi Biasha, akiendelea kulima korosho na ufuta Likunja.

Mchezo wa kompyuta aliletewa na mdogo wake. Hassani alikuwa anachimba vito upande wa Ruangwa, na kila alipokuja mjini kutafuta wanunuzi alifikia kwa dada yake. Safari moja alikuja na sidii aliyopewa na mnunuzi mmoja kutoka Dar. Ulikuwa mchezo wa Japani ya zamani, enzi za mabwana waliogombea nchi, kila mmoja na ngome zake, mashamba yake ya mpunga na majenerali wake waliovaa vyuma mpaka usoni. Haukuwa mchezo wa kufyatua risasi. Wewe uliwaza, ukatoa amri zako, ukabonyeza kitufe cha kumaliza msimu, halafu ukakaa ukisubiri kuona wenzako nao wameamua nini.

Kilichompendeza Hassani zaidi ni watoto wa mabwana wale.

"Tazama hapa, Dada. Mtoto wao anaanza na jina la utotoni. Akipevuka ananyolewa, anapewa jina la ukubwa, lile la kwanza linaachwa. Hawa jamaa wana jando."

"Na ngariba wao yuko wapi?"

"Ngariba ndiye wewe. Jina la ukubwa wanakuuliza wewe."

Mchezo uliruhusu kubadilisha majina ya watoto. Hassani akamchukua mtoto mmoja wa nyumba ya bwana wake, akampa jina la Chikwembe. Lilikuwa jina lake mwenyewe kabla hajaingia jandoni. Watu wa huku jina la namna hiyo hawalitamki tena. Mtu mzima akiitwa kwa jina lake la utotoni anaona ametukanwa, na kuna ugomvi uliofika kwa mtendaji wa kata kwa sababu hiyo tu.

"Ukiniita hilo nje ya mchezo huu, Dada, tunagombana."

"Sawa. Chikwembe, kachote maji."

Alikwenda kuchota huku akicheka.

Masika ya mwaka 2001 shimo alilokuwa akichimba lilibomoka akiwa ndani. Wenzake walifukua mpaka kingo zikaanza kuwaporomokea na wao, wakaacha. Hakuna kilichotolewa. Dua ilisomwa pale juu, kwenye udongo uliolowa, na watu wakarudi makwao wakiwa hawajaosha maiti wala kubeba jeneza. Zulekha aliniambia kwamba siku ile kila mmoja aliondoka akigeuka nyuma, kana kwamba wamemwacha mtu anayekuja.

Alianza kuucheza mchezo ule baada ya hapo. Aliufungua pale Hassani alipouacha, kwa nia ya kuona tu ngome alizojenga. Kisha akatoa amri moja, akamaliza msimu mmoja, na haikumkalia vizuri kuuacha. Kila mchana, kazi zikipungua na umeme ukiwepo, alikuwa amekaa mbele ya kioo kile akihamisha majeshi.

Alasiri moja, alipomaliza msimu wa majani kupukutika, ukatokea ujumbe. Kijana Chikwembe amepevuka. Mpe jina.

Zulekha hakufikiri. Kwao Chikwembe alipotoka jandoni alikuwa Hassani, nyumba nzima ilijua hivyo na haikuwa na jibu jingine. Akaandika Hassani. Mchezo ukamuuliza kama ana hakika, kwa kuwa jina la ukubwa halibadilishwi. Akakubali. Picha ya mtoto ikatoweka, na mahali pake pakawa na mtu mzima amesimama kwenye lango la ngome, uso umefunikwa kwa chuma, macho hayaonekani.

Methodius, karani wa ardhi aliyehamishiwa huku kutoka Songea, alikuwa na mazoea ya kumtania.

"Dada Zule, nitolee kopi zangu kabla hawajakuchomea ngome. Leo anashinda nani?"

"Hassani."

Methodius alikuwa amekwisha kucheka kabla hajalielewa jina lile. Alichukua kopi zake, na tangu hapo hakuuliza habari za vita tena.

Miezi ikapita. Rukaiya, mdogo wao wa mwisho, aliyeolewa pale pale Likunja, akajifungua mtoto wa kiume, na Bi Biasha akasema msiba sasa unaweza kuisha. Huku msiba hauishi kwa matanga peke yake. Jina la marehemu lazima lipate mtu katika ukoo, alibebe, ndipo mwenyewe apumzike. Na kwa kuwa Hassani hakuwa na kaburi, Bi Biasha alilitazama jina hilo kama wengine wanavyotazama kaburi. Ndugu walikusanyika, mtoto akapakwa unga wa mtama kwenye paji la uso, akaitwa mbele ya wote.

"Hassani."

Mtoto aliacha kunyonya. Akageuza shingo, akatazama mlangoni.

Kila alipoitwa ilikuwa hivyo. Alipokuwa hajaitwa alinyonya kidogo. Mtu akitamka lile jina aliachia ziwa na kutazama mlango, halii, hacheki, mpaka usingizi umchukue. Kliniki hawakuona ugonjwa. Kadi yake ya uzito ilianza kushuka, na mashavu yake yakawa ya mzee. Rukaiya alimbeba akizunguka naye uani, hathubutu kumwita kwa jina lolote.

"Jina limekwisha kuchukuliwa," Bi Biasha aliwaambia wanawe. "Kuna mtu amelitoa bila kuniambia. Jina haliwi kwa watu wawili. Ulizaneni."

Wakaulizana. Watu walitumwa mpaka Mandawa, kwa shemeji na kwa wajomba. Hapakuwa na mtoto wala mtu mzima aliyepewa. Zulekha alikuwepo kwenye kikao kile, na alirudi Nachingwea bila kusema neno, kwa sababu alijua lilipo.

Aliona kuna njia moja. Kama jina halibadilishwi, basi mwenye jina afe. Akampa Jenerali Hassani watu wachache, akampeleka kwenye bonde lililojaa maadui, akabonyeza. Ukungu ukashuka bondeni, maadui wakarudi nyuma. Jenerali Hassani amerudi. Akampeleka kwenye ngome ya pwani ambayo hakuna aliyewahi kuivunja. Jeshi lote likaangamia, ikaandikwa hasara yote ilivyokuwa, na chini kabisa ikaandikwa kwamba Jenerali Hassani amerudi. Akampeleka peke yake, bila askari hata mmoja, wakati wa theluji. Akarudi. Kila mara picha ilikuwa ile ile, amesimama langoni. Zulekha alisema alijua wakati huo kwamba anamtuma mdogo wake afe, naye mdogo wake alikuwa mtiifu, anakwenda kila anapoambiwa, kisha anarudi nyumbani.

Habari zilipokuja kwamba mtoto sasa hanyonyi kabisa na ananyweshwa maziwa kwa kijiko, Zulekha alipanda lori la korosho mpaka Likunja na kumweleza mama yake. Hakujua aanzie wapi, maana Bi Biasha hakuwahi kuona kompyuta. Alisema tu kwamba mjini kuna mahali alipomwita Hassani kwa jina lake, na Hassani akaitika.

Bi Biasha hakugomba. Alivaa kanga yake nzuri, wakaondoka pamoja.

Walifika mchana, jua kali, watu wakipita nje na magunia. Zulekha alimkalisha mama yake kwenye kiti cha wateja, akawasha mashine. Bi Biasha alimtazama kwa muda mrefu mtu yule wa langoni.

"Mbona amefunikwa uso?"

"Ndivyo wanavyovaa, Mama. Ni mavazi ya vita."

"Anapigana na nani?"

"Na kila mtu."

"Anakula nini?"

"Wali. Wana mashamba ya mpunga."

"Alfajiri, kabla hajakwenda, anakula?"

 Zulekha akasema anakula.

Bi Biasha akasogeza kiti, akaanza kuongea na mwanawe kwa Kimwera, sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Alimwambia kwamba walimfukua mpaka wakashindwa, hawakumtupa. Akamwomba awasamehe, nao watamwombea. Akamgeukia Zulekha.

"Unampa amri gani sasa?"

"Ninayotaka."

"Usimpe yoyote. Mwache achague mwenyewe."

Zulekha akabonyeza kitufe cha kumaliza msimu bila kutoa amri. Ramani ikabadilika rangi, majira yakawa ya maua. Majeshi ya watu wengine yakasogea huku na huku. Kisha ukaja ujumbe, akautafsiri kwa kunong'ona: Jenerali Hassani ametoka ngomeni bila ruhusa. Haijulikani alikoelekea.

Lango lilikuwa tupu. Zulekha alitafuta miongoni mwa majenerali wote, wa kwake na wa maadui. Hakuwepo.

"Basi jina limerudi kwetu, Mama. Mtoto atalipokea."

"Halijarudi," Bi Biasha alisema. "Amekwenda nalo. Hakupata kaburi, hata jina tumnyang'anye?"

Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa imara. Jioni hiyo hiyo walitafuta usafiri wa kurudi. Walipofika Likunja, Bi Biasha hakungoja ndugu wala unga. Alimpokea mtoto mikononi mwa Rukaiya, akamwita Mohamedi, jina ambalo hakuna aliyekufa nalo katika ukoo wao. Mtoto alikuwa akitazama mlango. Aligeuza uso polepole, akamtazama bibi yake, akaanza kutafuta ziwa.

Zulekha hakuufungua mchezo ule tena, na Mohamedi alikua, yuko shule. Katika ukoo wao hakuna Hassani mwingine. Msiba ule haukufungwa na Bi Biasha hataki ufungwe. Na mgeni mwenye jina hilo akibisha hodi nyumbani kwake Likunja, hata mchana kweupe, humwomba kwanza ataje jina la baba yake. Akishasikia kwamba si la baba wa mwanawe, ndipo hufungua mlango.