Kamba Moja kwa Wote

Hasira yangu kwa yule mwenyekiti wa kijiji haijaisha mpaka leo, na sioni sababu ya kuimaliza. Watu huniambia, mwalimu, hayo ni mambo ya zamani, enzi za Ujamaa, kila mtu alikuwa anajifunza. Wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo.

Nilikuwa mwalimu kijana, binti wa fundi viatu wa Tabora mjini, nikapangiwa kijiji cha ujamaa mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kutoka stesheni ya Igalula. Asubuhi nilifundisha watoto, alasiri kisomo cha watu wazima. Darasa la alasiri lilijaa wanawake, wengi wao wajane. Mmoja wao ndiye aliyenipa chumba nyumbani kwake, mama wa makamo mwenye maneno machache, na jembe lililolika mpaka likabaki kama kijiko.

Mwaka ule kijiji kiligawa mashamba ya chakula kwa vikundi. Mwenyekiti alikuwa na kamba ya katani ya hatua mia mbili, imefungwa ncha kwa ncha. Kila kikundi kingepata ardhi itakayozungukwa na kamba hiyo: vigingi vinne, kamba inazungushwa, basi, shamba lenu hilo. "Kamba moja kwa wote," alitangaza. "Usawa ndio huu!" Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, Mungu anisamehe. Kikundi chake kikapigiwa vigingi kule bondeni, hatua hamsini kila upande. Wajane wakapewa utepe wa ardhi kando ya reli, palepale walipopita wapagazi wa zamani, udongo umekanyagwa mpaka jembe linadunda. Urefu hatua tisini, upana kumi. Kamba ikatosha pote, sawasawa kabisa.

Jioni ile nilipiga hesabu. Hamsini mara hamsini ni elfu mbili na mia tano. Tisini mara kumi ni mia tisa. Wajane walikuwa wamepewa shamba lisilofika hata nusu ya lile la mwenyekiti, na watoto wao hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea mwaka mzima. Nilichora ubaoni mraba na mstatili, nikaeleza mpaka sauti ikanikauka. Wakatazama kwa adabu.

"Lakini mwalimu, kamba si ni ileile?" aliuliza mwenye nyumba wangu.

Ningemlaumu vipi? Pale kijijini shamba lilipimwa kwa kulizunguka. Hukusikia mtu akiuliza lina ukubwa gani; uliulizwa kulizunguka ni hatua ngapi.

Ndipo nilipokumbuka semina moja mjini, ambapo mtaalamu kutoka Dar es Salaam alituonyesha jinsi michoro ya sinema inavyotembea: picha nyingi zinazotofautiana kidogo tu, zikipita haraka jicho linaona mwendo. Yeye alikuwa na kamera. Mimi nilikuwa na karatasi za manila, penseli za rangi na rula iliyopasuka. Niliamua kutengeneza kitabu cha kupekua kwa kidole gumba, ili mraba ubanwe kidogo kidogo mbele ya macho yao mpaka uwe kile kipande cha relini.

Nilikuwa sijui lolote. Kurasa za kwanza nilizikata kubwa mno, zikagoma kupita. Za pili zilipita, lakini mraba ulirukaruka kama mlevi kwa sababu kila ukurasa niliuchora pale mkono ulipoangukia. Nikapigilia misumari miwili kwenye ubao, nikatoboa kila karatasi matundu mawili, zote zikakaa mahali pamoja. Mraba ukatulia. Ndani yake nilipaka kijani, na nilipopekua nikaona kijani kikinywea chenyewe. Nilicheka peke yangu.

Mwenye nyumba wangu alitazama mara tatu. Kisha akachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akauzungusha kwenye mraba wa ukurasa wa kwanza, akaukata. Akauzungusha kwenye umbo la ukurasa wa mwisho. Uzi ukabaki.

"Mwalimu, kamba yako imepungua," alisema. "Ukiwapelekea hii, watasema mwizi ni wewe."

Nilikuwa nimekadiria kwa macho. Nilipunguza upana nikasahau kurudisha kwenye urefu kile nilichopunguza. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia uzi wake, nikajikasirikia mimi mwalimu wa hesabu, nikazichana kurasa zote vipande vipande. Kesho yake nikaanza upya kwa rula: hatua moja ni milimita moja, kila ukurasa milimita moja inatoka kwenye upana na kwenda kwenye urefu. Kurasa arobaini na moja. Zilinichukua wiki mbili, kisha nikapanda treni hadi Tabora, baba akazishona kwa uzi wa viatu.

Darasani nilipekua mara moja tu. Halafu bibi mmoja akapiga yowe, "Jamani, linaliwa!" Wakagombea kukipekua wenyewe. Mwenye nyumba wangu alipima kwa uzi kila ukurasa alioutaka, na safari hii uzi haukubaki. Walipokubaliana kwenda kwenye mkutano wa kijiji, walikwenda na majembe yao, maana walikuwa wanatoka shambani.

"Shikamoo, ndugu mwenyekiti."

"Marahaba, mwalimu."

Nikapekua mbele ya kijiji kizima. Nikaeleza. Mwenyekiti akanyoosha mkono, nikampa kitabu. Akakipekua kwenda mbele, akakipekua kurudi nyuma, kile kipande kikanenepa kuwa mraba. Akacheka kwa furaha ya kweli.

"Umechora vizuri sana, mwalimu. Ila ulidhani sisi hatujui? Tulijua. Kile cha relini lazima apewe mtu. Hawa hawana waume wa kuwasemea."

Nilidhani nampigia mbuzi gitaa, kumbe mbuzi mwenyewe ndiye fundi wa gitaa! Wiki zote zile nilikuwa namfundisha mtu hesabu aliyoipiga kabla yangu, tena bila karatasi. Nilifungua mdomo nimtukane. Kwa kweli tusi lilikuwa tayari.

Mwenye nyumba wangu alinitangulia kusimama.

"Ahsante, ndugu mwenyekiti," alisema. "Sisi tulidhani hujui. Asiyejua hufundishwa, tukamleta mwalimu. Sasa umesema mwenyewe, na watu wote wamesikia."

Akachukua jembe lake. Wajane wakainuka mmoja mmoja wakamfuata, si kuelekea relini, bali bondeni, kwenye mraba wa mwenyekiti. Wanaume walikaa vilevile, hakuna aliyenyanyuka kuwazuia wala kuwasindikiza. Mwenyekiti, kitabu changu bado mkononi, akapaza sauti kwamba mkutano haujafungwa.

"Endeleeni tu," mama alijibu bila kugeuka. "Sisi tunakwenda kulima."