Shetani Hachoti Maji

Neno la Kiingereza "diabolical" nilijifunzia hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, nikalipenda upesi, maana sisi wa makanisa ya Kivu, Kongo, tulikuwa nalo zamani: la kishetani. Mtu akiua, akichoma nyumba, tunasema ni kazi ya shetani, kisha tunapiga magoti. Vijana wa Mbarara wao neno hilo humpa refa aliyewanyima penalti. Kila mtu na shetani wake.

Kazi yangu ni kutafsiri. Asubuhi moja, katika ofisi mjini Mbarara, nilikaa kati ya afisa na mjane mmoja wa kwetu aliyeomba kuhamishiwa kiwanja kingine kambini. Alisimulia jinsi mumewe na wanawe walivyouawa ndani ya nyumba, na jinsi mtu anayemjua alivyowaongoza wauaji hadi mlangoni. Nikatafsiri kama tunavyosema kanisani: kwamba yaliyowapata yalikuwa "diabolical". Afisa akatikisa kichwa kwa huruma, akaweka kalamu chini.

Mama huyo alisoma shule kwa Kifaransa, na neno hilo alilitambua.

"Dada, shetani unamuleta hapa kufanya nini?" akaniuliza, bila kupandisha sauti. "Huyu aliyewaleta ni mutu. Alikuwa jirani, alikula kwangu mara mingi. Sasa iko kule Nakivale. Juzi ku bomba alinipandishia bidoni ya maji ku kichwa, akasema pole mama. Shetani hachoti maji. Umuambie hivyo."

Nilimkasirikia, nasema kweli. Shetani tunayo dawa yake, tunakemea na kulala. Jirani unamkemea vipi? Hata hivyo nilimwambia afisa yote, neno kwa neno. Akachukua kalamu.

Mama alipata kiwanja mbali, upande wa Ngarama. Siku ya kuhama nilikwenda kumsaidia kufunga magodoro. Mwanamume mmoja akapita njiani, akatusalimu vizuri. Mama alininyooshea kidevu tu kumwonyesha, akaendelea kukaza kamba.

Mama ameondoka, mimi nimebaki. Asubuhi nyingi nakutana na mwanamume huyo bombani. Hunipa mkono, nami naupokea, kwa sababu naogopa kutoupokea. Mkono wake una joto. Huniuliza watoto wangu wameamkaje, na majina yao anayajua.